Mikono Iliyoshikwa

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki kuanza kwa kujifanya malaika. Mdogo wangu, ambaye hasikii tangu homa ilipompata akiwa bado ananyonya, alimpa kila mtu wa kwetu jina la mikono. Mama ni kidole kinachogusa ncha ya sikio, mahali pa herini. Tonton, mdogo wa marehemu Baba, ni kiganja kinachozunguka tumboni. Mimi ni kidole cha shahada katikati ya nyusi, pale ngozi inapojikunja nikikasirika. Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua kitu kizuri kidogo, labda meno yangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Basi, nikalipokea jina langu.

Haya yalitokea hapa Brussels, kwenye fleti ya Mama huko Koekelberg, Jumamosi moja mchana, siku familia moja ya watu wa Lubumbashi wanaoishi hapahapa mjini ilipokuja kumwomba mdogo wangu awe mke wa mtoto wao. Lakini kwanza lazima nieleze tunavyoongea nyumbani kwetu, maana pasipo hilo mtu anaweza kudhani siku ile nilikuwa nimelewa.

Bukavu, kule Kongo tulikotoka, tulijitungia ishara wenyewe. Vidole vinavyochezacheza ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Viganja viwili vikikutana ni kanisa. Mkono kwenye bega, kama mtu aliyebeba bunduki, maana yake ingia ndani sasa hivi na usiulize. Tulipofika Ubelgiji, mdogo wangu akapelekwa shule ya viziwi, na huko akapata lugha kamili, yenye jana na kesho, yenye "kama" na "ingekuwa". Alirudi nyumbani kila jioni mikono inamwasha kwa maneno. Mimi nilikaa naye mezani nikajifunza, neno kwa neno, huku namenya viazi. Mama hakujifunza. Alisema, "Mimi njo nilimuzaa, tunasikilizana." Na kweli ana ishara zake za kula, kulala, kusali, kuoga na aibu. Kwa hizo amemlea mtoto mpaka amekuwa mwanamke mzima.

Shida ni kwamba kila mtu wa kwetu anadhani anajua kuongea na kiziwi, kwa sababu sisi wenyewe tunaongea na mwili mzima. Tunaonyesha njia kwa midomo. Tunakubali kwa nyusi. Ukitaka kumtukana mtu, unamtazama kuanzia viatu hadi kichwani, unafyonza meno, umemaliza, hakuna haja ya kufungua kinywa. Kwa hiyo shangazi, jirani, mchungaji, wote humpungia mdogo wangu mikono hewani, humpigapiga begani, halafu huniambia, "Amenielewa vizuri sana." Mdogo wangu hutabasamu kwa heshima, akanigeukia na kuniuliza: huyu anatafuta nini, choo?

Mdogo wangu anafanya kazi jikoni, kwenye mgahawa wa ofisi moja kubwa karibu na Schuman. Ndiko alikokutana na yule mwanaume aliyekuja kumposa. Kiwanda cha magari kule Forest kilipofungwa, alikuwa mmoja wa waliobaki bila kazi. Akawa analeta mboga kwenye majiko ya maofisi huku anasomea udereva wa basi. Alikuwa mrefu, mcheshi, ananukia sabuni, na alikuwa amejifunza ishara kadhaa kwenye simu. Alijua habari ya asubuhi, kahawa, mrembo na nakupenda. Eh, Mungu wangu! Alipoingia kwa Mama na kumwambia mdogo wangu "mrembo" kwa mkono wake mkubwa ule, nyumba nzima ikayeyuka. Hata mimi niliyeyuka, kwa nini nikatae?

Walikaa kwenye kochi. Akachukua mikono miwili ya mdogo wangu, akaiweka kwenye mapaja yake na kuifunika kwa yake. Akawa anaongea na Tonton habari za mpira na za Lubumbashi, muda wote ule hakuiachia.

"Ona bile anamupenda!" Mama aliniambia jikoni, machozi yakimlengalenga. "Hamuachilie hata mikono! Baba yenu hakunishikaka hata siku moya."

Niliporudi sebuleni na soda, nikaona vidole vya mdogo wangu vikitikisika ndani ya viganja vya yule kijana. Vilitaka kutoka. Alikuwa na la kusema. Kijana akavibana kidogo, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, akaendelea na habari zake za mpira. Mdogo wangu akanitazama, kisha akatazama zulia. Nikajiambia ni mambo ya wapenzi, haya hayanihusu.

Mara ya pili ilikuwa kwenye bustani iliyo mbele ya basilika. Tulikuwa tumetoka kutembea watu watatu, mimi nikiwa nyuma kidogo nikijifanya natazama simu, maana mkubwa anapaswa kuwapa wachumba nafasi. Wakaanza kubishana. Yeye alikuwa amemwambia, kwa ishara chache na Kifaransa kilichochorwa sana mdomoni, kwamba wakishaoana wataishi Forest kwa mama yake na mdogo wangu ataacha kazi ya jikoni. Mdogo wangu akasimama katikati ya njia. Mikono yake ikaruka. Kazi yangu siiachi, alisema. Kule jikoni kuna wenzangu wawili viziwi, kule ndiko ninakoongea siku nzima bila kumwomba mtu ruhusa. Umeniuliza? Uliwahi kuniuliza?

Alikuwa bado hajamaliza. Kijana akatabasamu, akaidaka mikono yote miwili hewani, akaibusu na kuibana kifuani kwake. Mdogo wangu akavuta. Yeye akabana zaidi, huku anatikisa kichwa kwa mapenzi, kama anamwambia haya, haya, imekwisha. Na kweli ikawa imekwisha. Bibi mmoja Mbelgiji aliyekuwa anapita na mbwa wake akawatazama na kutabasamu, akafikiri ameona kitu kizuri.

Damu ilinichemka. Kwa mtu anayesikia, kushikwa mikono ni mapenzi. Lakini yule kijana alikuwa ameziba mdomo wa mdogo wangu mbele ya kanisa, mchana kweupe, na kila aliyepita alikuwa anafurahi kwa niaba yao. Nilitaka kumrukia. Nilishindwa kwa sababu mdogo wangu alinitazama juu ya bega la kijana na kunikataza kwa macho.

Nilikwenda kwa Tonton kwanza. Nilimkuta anakula. Nikamwambia wazi kwamba huyu mtu, mdogo wangu akisema jambo asilolipenda, anamshika mikono ili anyamaze. Tonton akaweka kijiko chini.

"Mutoto, weye uko na wivu?"

"Tonton, wivu gani?"

"Donc, muntu anashika mukono ya muchumba yake, weye unasema anamufunga kinywa? Aka! Basi sisi wote tulifungaka kinywa za bibi zetu." Akacheka, tumbo likacheka pia. "Acha mutoto aolewe."

Mama alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu yeye hakucheka. Alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Nani mwingine atakuya kuoa kiziwi? Niambie jina. Mimi niko nazeeka. Siku nikikufa, atabaki na nani?" Nikamwambia atabaki na mimi, naye akanipangusa shavu kama mtoto mdogo, akasema, "Weye mwenyewe uko peke yako." Nililia njia nzima mpaka kituo cha Simonis, kwa hasira na kwa uchungu, na sikumjali aliyenitazama.

Siku mbili tatu kabla ya ile Jumamosi nilimkuta mdogo wangu jikoni kwa Mama, anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Nikafunga mlango, nikamwambia yote niliyoona. Alinitazama mpaka nikamaliza. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Unadhani mimi kipofu pia?" akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nampenda," akasema. Alivyosema, mkono ulikaa kifuani muda mrefu. "Ananichekesha. Na anapika. Lakini sitaki kuishi na mtu atakayenizima kama taa. Kwa hiyo nitamuuliza mbele ya watu, kabla ya divai. Akinijibu, nitamwambia Tonton anywe. Akishindwa, hakuna kunywa."

Nadhani mila yetu inajulikana, lakini nitaieleza. Wageni wakishapokewa na maneno yakishasemwa, mkubwa wa familia hushika glasi ya divai waliyoileta wageni, akamwuliza binti mbele ya wote: hawa tunawajua? Tunywe? Huuliza mara tatu. Binti akikubali, mkubwa anakunywa, na akishakunywa mambo yamekwisha, binti ni wao. Glasi hairudi nyuma. Kutapika divai ya watu, yaani kuvunja neno baada ya kunywa, ni aibu inayovuka bahari mpaka Bukavu na Lubumbashi.

"Na mimi nifanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe nitafsirie wanachosema wao. Lakini nitakachomwambia yeye, usimtafsirie. Hata akikuomba. Hata akilia. Nataka kujua kama ananisikia mimi, au anakusikia wewe."

"Na ukiona wanakulazimisha?"

Akaweka kidole chake katikati ya nyusi zangu, kwenye jina langu, akasukuma. "Hiyo hasira yako iache nyumbani," akasema. Akarudi kwenye sombe.

Jumamosi ile Mama alimvika kikwembe, kitenge cha buluu na dhahabu, akamfunga kilemba, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Kisha akampa mafunzo. Akamwonyesha kupiga magoti. Akamshika kidevu akakiinamisha, akamwonyesha zulia kwa kidole, halafu akafanya ile ishara yake ya aibu. Maana yake ilikuwa wazi: binti mwenye adabu hawatazami wazee machoni, anatazama chini mpaka mambo yaishe.

"Mama," nikasema, "akitazama chini atasikia nini?"

"Atasikia na moyo."

Nikafyonza meno. Mama akanipiga kofi la bega, si kwa nguvu. "Leo usiniharibie," akasema, akarudi kukinyoosha kilemba kilichokuwa kimeshanyooka.

Wakaja. Sebule ikajaa, viti vikaazimwa kwa majirani, harufu ya makayabo, wale samaki wa chumvi, na ya bugali ikajaa hadi kwenye ngazi. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, amevaa miwani, hasemi sana. Kijana alikuwa amevaa suti ya kijivu na kola iliyokuwa inambana. Wakatoa divai. Tonton akasimama katikati kama askofu. Wanawake wakamleta mdogo wangu, akapiga magoti kwenye mkeka, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni mwa kabati.

Nilijaribu kumfanya anione. Nilisogea kidogo, nikapunga mkono chini, karibu na goti. Hakuinua macho. Alikuwa anamheshimu Mama.

"Bon," Tonton akaanza, glasi mkononi. "Mutoto yetu. Hawa batu batoka mbali, beko nakuomba. Unabajua? Tunywe?"

Kimya. Mdogo wangu alikuwa anatazama mkeka. Kwake hakuna aliyekuwa amesema kitu. Alikuwa anangoja mambo yaanze.

"Kunyamaza njo kukubali!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na vigelegele vikapasuka. Watu wakapiga makofi. "Ona adabu yake! Hajainua hata jicho!" Kijana akafuta jasho, akacheka. Tonton hakuuliza mara ya pili wala ya tatu. Alikuwa na kiu, au alikuwa na furaha, sijui. Akainua glasi mdomoni.

"Tonton, shusha hiyo glasi!"

Ilikuwa sauti yangu. Sikujua ni kubwa hivyo. Sebule nzima ikageuka. Divai ikamwagika kidogo kwenye shati jeupe la Tonton, lakini mdomo haukuigusa, hilo niliona vizuri.

"Nini tena?" Tonton akasema huku ameuma meno.

"Hajaona swali! Mumemwambia atazame chini. Huyu anasikia kwa macho. Mumemuziba masikio, halafu munasema amekubali?"

"Huyu ni nani?" mtu wa upande wa kule akauliza. Mama alinifikia, akanifinya pajani kupitia kikwembe, mfinyo wa Bukavu, ule wa kugeuza. Nilitoa machozi lakini sikukaa. Mdogo wangu alikuwa ameshahisi sakafu inatikisika kwa miguu ya watu. Akainua uso. Akaona glasi karibu na midevu ya Tonton, akaniona mimi, akajua.

Nikamwambia: wameuliza. Umetazama chini. Walikuwa wanakunywa.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Hakukasirika. Aliogopa, kama mtu aliyeamka na kukuta gari linatembea bila dereva. Akaangalia glasi, akaangalia watu wote wale waliokuwa bado wana tabasamu la vigelegele usoni. Kisha akasimama. Binti anayeombwa hasimami. Mtu mmoja akasema "Yesu!" na wengine wakashika midomo.

"Muulize tena," nikamwambia Tonton. "Polepole. Mimi niko hapa."

Tonton akauliza, amenuna. Nikatafsiri. Mdogo wangu akajibu, nami nikasema kwa sauti yale aliyotaka niyaseme: "Anasema, kabla ya kujibu, ana neno kwa huyu mwanaume. Atamwambia mwenyewe. Mimi sitatafsiri."

Mnong'ono ukazunguka. Mimi nikakaa kwenye kiti cha karibu na kuiweka mikono yangu chini ya mapaja, ili isinitoroke.

Akamwendea. Kijana akainuka, akanyoosha mikono kama kawaida yake, kuichukua ya mdogo wangu. Mdogo wangu akarudi hatua moja nyuma. Akaanza kusema. Alisema polepole sana, kwa ishara rahisi, zile anazowafundisha wageni wanaoanza kazi jikoni, na pale ambapo hakuna ishara rahisi alionyesha kwa mwili mzima. Mimi nilielewa kila kitu. Katika chumba kile nilikuwa peke yangu.

Alisema: "Mikono yangu ndiyo sauti yangu. Ukinikasirikia, kasirika. Ukitaka kunibishia, nibishie, jifunze unibishie vizuri. Lakini usiishike tena mikono yangu nikiwa nasema. Kamwe. Ukiahidi hilo, namwambia Tonton anywe. Unaahidi?"

Akainua nyusi, akangoja.

Kijana alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilikuwa limekaa pale tangu mwanzo na sasa halikujua pa kwenda. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Akanigeukia mimi. Alinitazama kwa macho ya kuomba kabisa, kama mwanafunzi anayetaka jibu kwa mwenzake. Mungu anajua nilitaka kumsaidia. Neno moja tu! Ningemtamkia kwa midomo tu, bila sauti, "Ahidi", angetikisa kichwa, divai ingenyweka, Mama angefurahi, na sote tungekula. Nikageuza uso dirishani.

Akaona simsaidii. Kisha akafanya jambo moja tu analolijua. Akanyoosha mikono, akaichukua mikono miwili ya mdogo wangu ikiwa bado wazi kwenye swali, akaibana kifuani, akawageukia watu.

"Anasema ananipenda," akasema kwa sauti nzuri. "Anasema yuko tayari."

Vigelegele! Nyumba ilitaka kupasuka. Mama alikuwa anacheza na kitambaa chake. Tonton akainua glasi mara ya pili, uso umekunjuka. Na mdogo wangu, amebanwa mikono, katikati ya furaha yote ile, alikuwa ananitazama mimi tu. Alikuwa anauliza kwa nyusi: amesema nini?

Hilo nilikuwa nimeruhusiwa. Nikaitoa mikono yangu chini ya mapaja. Nikamtafsiria neno kwa neno: Umesema unampenda. Umesema uko tayari.

Akaivuta mikono. Kijana akacheka, akafikiri ni haya za bibi harusi, akaibana. Mdogo wangu akavuta tena, kwa nguvu zote za mtu anayenyanyua masufuria ya watu mia kila siku, na ikatoka. Kisha akaweka kiganja cha kulia juu ya mdomo wa yule mwanaume, mbele ya mama yake, mbele ya wazee wetu na wazee wao, akabana.

Vigelegele vikakatika. Kwa mkono wa kushoto akamwambia: Sasa jibu.

Kijana akajaribu kusema. Sauti ikatoka puani, mm, mm. Akamshika kifundo cha mkono ili auondoe. Hautoki. Wote tulikuwa tumeduwaa, na ni hapo, naamini, watu walipoanza kuona. Nilimwona Tonton akishusha glasi mwenyewe.

"Achia mukono yake," mama wa kijana akasema.

Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anafungua kinywa. Kijana akaachia. Mdogo wangu naye akaondoa kiganja chake taratibu.

"Mutoto yangu," yule mama akasema, amevua miwani, "alisema nini? Kweli kweli."

Kijana akatazama viatu vyake. "Sijue, Mama."

"Hujue?"

"Alisema mbio."

Si kweli, alisema polepole mno. Yule mama akamkazia mwanawe macho. "Alors, mwaka yote hii muko pamoja. Munaongeaka nini?"

"Mimi njo naongeaka," akasema, na nadhani hakujua anachosema mpaka kilipomtoka. "Yeye anasikiaka."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajikatiza. Mdogo wangu alikuwa amenigeukia tena, nyusi juu, anangoja. Nilitamani nife. Kuna maneno unayatamani yapotee njiani. Lakini nilikuwa nimeahidi kumletea wanachosema, sio ninachotaka mimi wawe wamesema. Nikamwambia: Amesema yeye ndiye anaongea. Wewe unasikia.

Hakulia palepale. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la daktari. Kijana akaona uso ule, na hapo nadhani akaelewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho mdogo wangu alikuwa anamwambia. Akapiga goti moja. "Nitajifunza," akasema, anamtazama mdogo wangu, kisha mimi, akiniita dada kwa heshima. "Yaya, mwambie. Nitajifunza yote."

Nikamwambia. Mdogo wangu akaweka mkono kwenye shavu la kijana, akaupitisha polepole, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Alimpenda, jamani. Sitaki mtu afikiri hakumpenda.

"Mara ya tatu," Tonton akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikasimama ili nitafsiri. Tonton akaninyooshea kiganja, kaa. Akajivuta na tumbo lake mpaka mbele ya mdogo wangu. Akangoja ainue uso. Hajawahi kumngoja, maisha yake yote, daima alinitupia mimi maneno na kugeuka. Akanyanyua glasi kati yao, akajionyesha mdomoni, akainua nyusi zake nene mpaka zikafika kwenye kipara, akakaa hivyo, anauliza, bila sauti hata kidogo.

Mdogo wangu akafuta macho. Akanyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya mdomo wa glasi. Akakiacha pale, mpaka Tonton akaishusha taratibu mezani.

Mama akaanza kulia. Mama wa kijana akavaa miwani yake. Na katika sebule ile nzima, hakuna hata mtu mmoja aliyenigeukia kuniuliza amesema nini.